Kiti cha Kushoto

Mtani haalikwi msibani, anaitwa kazini, na ndivyo nilivyoitwa mimi. Nilikuwa dukani kwangu Mikumi, nimeinamia sare ya shule ya mtoto wa jirani, malori ya Iringa yakipita nje na kuutikisa mkasi juu ya meza, simu ikalia. Alikuwa Ramadhani, mtoto mkubwa wa Sudi. "Shikamoo shangazi." Nikaitika marahaba. Akasema, "Mtani wako ametutoka alfajiri. Tunazika alasiri, lakini wazee wanasema hatuwezi kumtoa ndani kama hujafika." Nikamjibu, "Waambie huyo ni mtumwa wangu, haendi popote bila ruhusa yangu." Ramadhani akacheka, kama inavyotakiwa. Nilipoweka simu chini nikakaa palepale na pini zangu mdomoni, nikalia, mpaka mama mwenye sare akaja akanikuta hivyo, akageuka akaenda zake bila kuuliza.

Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa kwenye kambi za reli, Sudi alikuwa Msagara wa Kilosa hasa. Mababu zangu walipita nchi yao na mizigo kichwani, wakauguzana njiani, wakazikana, na tangu hapo tuna ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Faida ya utani kila mtu anaijua. Hasara yake sijasikia mtu akiitaja, basi acha niitaje mimi, kwa kuwa nimezeeka nayo. Ukishazoea kumwambia mtu kila kitu kwa mzaha, siku ya kumwambia la kweli, sauti nyingine unaitoa wapi? Sudi aliniposa, mara moja tu, mchana kweupe, na mpaka siku ile simu inalia nilikuwa sijui kama alitania au alimaanisha. Sikuwahi kumuuliza. Nilijiambia nitamuuliza tukizeeka, mambo yakishakuwa ya kuchekwa, tukazeeka, nikaona haya. Sasa mwenye jibu alikuwa amelazwa chumbani kwake Kilosa, amefungwa kidevu.

Nilipanda gari la kwanza lililopita kwenda Kilosa kwa njia ya kijiji cha Ulaya, nikakaa dirishani. Milima ya upande ule asubuhi huwa haijaamka vizuri, ukungu umeifunika mpaka kiunoni, na mtu akiitazama kwa muda mrefu anaanza kusinzia bila kufumba macho. Nikasinzia hivyo, nikaurudia mwaka ule wa ujana wangu Kilosa. Nilikuwa msichana niliyejifunza kushona, nimepanga chumba uani kwa Bi Mwanjaa, mama yake Sudi. Kitanda cha kamba, cherehani ya miguu, ndoano ya kutundikia nguo za watu, na dirisha la wavu lililotazama gereji ya Sudi, ambayo haikuwa gereji bali kivuli cha bati na udongo mweusi wa oili. Kila asubuhi niliamshwa na harufu mbili zilizoingia pamoja, mchaichai wa Bi Mwanjaa na petroli ya mwanawe. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta natamani chai.

Landrova ililetwa wakati wa kiangazi, imekokotwa na trekta kutoka shamba la mkonge lililoachwa huko Rudewa. Ilikuwa ile ndefu ya zamani, wanayoiita mia na tisa, haina vioo, haina viti, kuku walikuwa wametaga mahali pa betri, na upande wa kushoto, pale anapokaa abiria wa mbele, sakafu ilikuwa imeoza na mpapai umeota kutoka chini, umetoa kichwa nje ya mlango. Watu waliokuja kuitazama walisema Sudi amenunua banda la kuku. Mimi nilitoka chumbani na futi yangu shingoni nikasema, "Wasagara bwana. Wenzenu walipita hapa na mizigo mkakaa kando ya njia mnatazama, leo mmeamua kubeba nanyi mnaanza na kubeba mipapai." Sudi alikuwa chini ya gari, akatoa uso tu. "Mpagazi," akasema, "nenda kale michembe yako, viazi vyenu vikavu." Ndivyo tulivyosalimiana siku zote. Bi Mwanjaa akauchimbua ule mpapai na udongo wake akaupanda nyuma ya jiko, nao ukashika, na kabla sijaondoka uani pale tuliyala matunda yake.

Alichokitaka Sudi alikisema wazi. Kule juu mlimani kulikuwa na njia za zamani za wakata mbao, maji yamezichimba, miti imezilalia, na hakuna lori lililothubutu. Watu wa juu walishusha maharage kichwani, na wagonjwa wao kwa machela. Yeye alitaka gari litakalopanda njia zile, mvua au jua. Basi akaanza kuivua ile Landrova kama mtu anavyomenya kitunguu. Bodi ikatolewa, ikabaki chesisi juu ya magogo, na siku nyingi nilikuwa nikiinua macho kwenye cherehani namwona amekaa ndani ya zile mbavu za chuma anakunywa uji, anawaza. Akatafuta springi za lori dogo, akazikata kwa kipimo cha Landrova ili gari lisimame juu zaidi, akazikata kingo za mabawa ili matairi makubwa yasisugue, akaunganisha bomba la kuvutia hewa likapanda mpaka juu ya paa, maana alijua atavuka mito. Kila chuma kilipokataa kuingia aliimba taratibu kwa Kisagara, wimbo wa mama yake wa kutwangia, na mimi bila kukusudia nikawa nakanyaga cherehani kwa mwendo uleule.

Niliingizwa kazini kwa sababu ya turubai. Alitaka paa la nyuma la turubai na mito ya viti, na fundi wa turubai alikuwa Morogoro, nami nilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Nikamwambia nitashona, lakini sitakaa chumbani kushona nisichokiona. Hivyo nikawa nashinda gerejini. Nilijifunza kushika taa ya mkono bila kumchoma mtu macho, nikajifunza spana kwa namba zake, nikajifunza kwamba mtu aliye chini ya gari haulizwi swali refu. Na nikapewa kazi yangu mwenyewe, kazi ya bolti. Sudi hakuruhusu bolti yoyote iingie kavu. Kulikuwa na kopo la siagi lililojaa grisi, nami nilichovya kila moja, nikaizungusha kidoleni mpaka grisi iingie kwenye meno yake, ndipo nikampa. "Bolti unayoikaza kavu," alisema, "umeshaiaga. Yenye grisi, hata ukirudi uzeeni utaifungua." Kucha zangu zilikuwa nyeusi mwaka ule mzima, na wateja wa magauni wakaanza kuniangalia vibaya.

Mchana tulikula uani, mkeka mmoja, sinia moja. Bi Mwanjaa alipika ugali na mlenda, au kunde zilizoungwa nazi, na Ijumaa wali na samaki wa kukaushwa, na kila mara aliniwekea ukoko mimi kwa sababu alisema wapagazi wanapenda kitu cha kutafuna njiani. Baada ya kula kulikuwa na usingizi ule wa Kilosa, joto limelala juu ya bati, mto Mkondoa unasikika kwa mbali, na mtu hajui kama yuko macho. Siku moja katika usingizi ule, nimejilaza kitandani kwangu, nikawasikia Sudi na mama yake wakizungumza chini ya dirisha. Asubuhi yake Sudi alikuwa amenipima kiti. Miguu yangu ni mifupi, kila mtu anayenijua anajua, na tulipojaribu kukaa juu ya kasha pale mbele, miguu yangu ilining'inia, gari likitikiswa nateleza. Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka, akaninyoosha mguu, akapima kwa kijiti kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, akachomelea miguu ya kiti juu ya vyuma viwili vilivyolala sakafuni, akatoboa matundu manne ya bolti mbele, mahali pangu. Ya nyuma akayatoboa pia, akasema hayo ni ya watu wa kawaida.

"Sudi," nilimsikia Bi Mwanjaa akisema, sauti ya mtu anayechambua mchele. "Huyu Mnyamwezi unampimia kiti au unampimia nyumba?"

"Mama, mimi namtania tu."

"Haya."

Nikasikia mchele ukipepetwa.

"Baba yako naye alikuwa anatania," akasema mama yake, "mpaka nikaona amefika na wazee."

Nilibaki nimetazama wavu wa dirisha. Nilisikia spana ikianguka kwenye sinia la vyuma, basi. Nawaambia kweli, nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, na nilikuwa sijui mtu anaweza. Ule mto wa kiti cha kushoto niliushona upya siku ile. Nilikuwa nimeujaza katani za Rudewa peke yake, zinachoma. Nikazitoa, nikaweka sufi juu, nikashona kwa uzi wa viatu, mishono midogo midogo ambayo hata bibi harusi sijawahi kumshonea.

Tulipanda mlima mwanzoni mwa vuli. Nyuma walikaa wazee wawili wa kule juu, waliokuwa wameshuka kwa miguu na hawakuamini kwamba watapandishwa. Mimi nikakaa kushoto, miguu imekanyaga sakafu sawasawa, mgongo umeegemea. Njia ilikuwa korongo tu. Sudi aliingiza gia ndogo, ile ambayo magurudumu yote manne yanavuta, na gari likaanza kwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Halikukimbia hata mara moja. Liliweka gurudumu juu ya jiwe, likafikiri, likapanda. Kwenye mto maji yaliingia mlangoni yakanilowesha kanga, yakatoka upande wa pili, na injini ikaendelea kupumua kwa lile bomba lake juu ya paa. Baadaye tukaingia ndani ya ukungu wenyewe. Mimi nilikuwa nimeuona kutoka chini maisha yangu yote, sikujua kwamba ndani yake ni kweupe hivyo, na kimya, na kwamba majani ya migomba yanatokea mbele yako mojamoja kana kwamba yameumbwa muda huohuo. Juu kabisa Sudi akazima injini. Tukasikia maji yakidondoka kutoka kwenye turubai langu. Hakuna tone lililokuwa limeingia ndani.

Alikuwa bado ameshika usukani. Akasema, "Nyamizi, nikuoe?"

Nami nikajibu kama nilivyofundishwa tangu utotoni kumjibu Msagara. "Kwa mahari gani, mtumwa wangu?"

"Hili gari."

"Na kuku waliotaga ndani umewapeleka wapi?"

Wazee wale nyuma walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nikacheka na mimi. Sudi alicheka wa mwisho, baada yetu sote, kisha akafungua mlango akaenda kuangalia matairi. Nimeurudia ule mchana mara nyingi kuliko sala, na kila mara nakwama kwenye kicheko chake. Mtu anayetania hucheka wa kwanza. Lakini pia alikuwa amechoka, amepambana na usukani tangu asubuhi, na mtu aliyechoka huchelewa kucheka. Basi.

Mwisho wa mvua ikaja barua ya posa kutoka Mikumi, imefungwa kwenye kitambaa, imeletwa na wazee waliovaa makoti. Mwalimu. Nikaipeleka gerejini kabla sijaipeleka kokote, nikamwuliza Sudi anasemaje. Niliuliza huku natabasamu, bila shaka, na yeye akaifuta mikono yake kwa kitambaa, muda mrefu, akasema, "Kubali. Mwalimu hajui kubadili tairi, atakaa nyumbani." Nikakubali. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema na sina neno juu yake. Siku ya kuchukuliwa, Sudi akaikingamisha Landrova katikati ya barabara, akakaa juu ya boneti, akawaambia wakwe, "Huyu ni mke wangu, nimeshamposa mlimani, mashahidi ninao." Watu wakavunjika mbavu. Wakampa chake, kama mtani anavyopewa, akaondoa gari. Nilikuwa nimefunikwa ushungi, sikuuona uso wake.

Gari lilinishusha Kilosa adhuhuri imepita. Uani kwa Sudi paliezekwa maturubai, wanaume wamekaa upande wa gereji, na pale pale pa zamani, chini ya bati, ilisimama Landrova. Imepakwa rangi nyingine, imefungwa winchi mbele, maana siku hizi Ramadhani anapandisha wageni kwenye njia zile za mlimani, watu wanaolipa ili wachafuke. Nikaanza kazi yangu getini. Nikapiga kelele kwamba nimesikia kuna Msagara amelala mchana, aamshwe akafanye kazi, na vijana wakacheka, wazee wakaitikia, "Amefika, amefika." Nikaingia ndani kwa wanawake. Mjane, Zuhura, alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga nyeupe. Ni mwanamke wa Magole, mrefu kuliko mumewe, mpole, sijawahi kusikia amempandishia mtu sauti. Nikaketi mbele yake. "Mke mwenzangu," nikasema, "umenitunzia mume wangu au umemchakaza?"

Akatabasamu katikati ya machozi. "Mchukue, mke mwenzangu. Mchukue na gari lake, mimi siwezi tena, magoti yamekwisha." Akayapapasa kupitia kanga. "Tangu naolewa nagonga dashibodi. Namwambia, baba Rama, sogeza kiti hicho nyuma, mimi si mtoto. Ananiambia bolti zimeshika kutu, hazifunguki. Kila siku bolti zimeshika kutu."

Wanawake wakacheka kidogo, kisha mmoja akaanza kulia, wakamfuata. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa najisikia natelezeshwa mahali, taratibu, kwa gia ndogo.

Makaburi ya kwao yako ng'ambo ya mto, upande wa Rudewa, kwa hiyo jeneza likatolewa kwenda kupandishwa nyuma ya Landrova. Hapo ndipo mtani anapozuia mpaka apewe chake. Nilikuwa nimepanga kulala mbele ya magurudumu kama alivyofanya yeye na boneti yake. Badala yake nikafungua mlango wa kushoto, nikapanda, nikakaa. Mto ulikuwa umevishwa ngozi ya plastiki, lakini chini yake niliijua sufi yangu. Na miguu yangu, miguu mifupi ya bibi kizee, ikakanyaga sakafu sawasawa.

"Sishuki," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Sishuki. Huyu mwanamume aliniposa mlimani, nikachelewa kumjibu. Leo namjibu. Nimekubali. Nilikubali siku ileile."

Uani kote wakacheka. Walicheka vizuri, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa na kilio tangu alfajiri. Ustadhi akatazama pembeni, mabega yakimtikisika. Machozi yakaanza kunitiririka, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Muone anavyoijua kazi yake." Wakaniletea jogoo, amefungwa miguu, wakaniwekea mapajani. Ramadhani akaja dirishani akanishika mkono. "Shangazi, tupe ruhusa." Nikampa. Nikashuka na jogoo wangu, nikasimama kando ya njia, nikawatazama wakimbeba.

Waliporudi jua lilikuwa limeanza kulainika. Wanaume wakakaa kunywa kahawa. Nikamwomba Ramadhani spana, nikamtajia na namba yake, akanitazama kwa mshangao akanipa. Nikapiga magoti kwenye mlango wa kushoto, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikaitafuta bolti ya kwanza kwa kidole.

Ilikuwa na grisi. Si ya zamani ile iliyogeuka gundi. Grisi laini, mbichi, imeingizwa kwenye meno vizuri, imezungushwa kidoleni. Nikashika ya pili, na ya tatu, na ya nne. Nikaweka spana, bolti ikalegea mara moja, nyingine nikaimalizia kwa vidole vitupu. Nikapumzisha paji la uso wangu juu ya mto wa kiti, nikakaa hivyo kidogo.

"Mke mwenzangu." Ilikuwa sauti ya Zuhura, amesimama nyuma ya wavu wa dirisha, chumba kile kilichokuwa changu, ambamo atakaa eda yake. "Unafanya nini huko?"

"Nakusogezea kiti nyuma," nikasema. "Eda ikiisha, ukae vizuri."

"Zimeshika kutu hizo. Alisema hazifunguki."

Nikaifuta mikono yangu ndani ya kanga, upande ambao hauonekani.

"Zimeshika kweli," nikamwambia. "Lakini nazibembeleza."